Kuku za Papa Barthélemy na Samaki ya Mwadingusha

Tarehe 31 Desemba 1986, citoyen Kalonji, mwenye siye wote tunamuita Papa Barthélemy, atatoka ku kazi kisha myaka makumi mbili na munane mu ferme yetu ya kuku, hapa Likasi. Baliniomba niandike maneno ya furaha. Nitajikaza.

Aliingia kijana wa kukomba na ufagio, akafika chef de poulailler, mukubwa wa nyumba ya kuku. Asubui alikuwa analamukia kuku mbele ya kutulamukia siye. Yeye njo alitufundisha kama kuku ya mayayi haiwezi kuishi na mahindi tu. Mahindi inaleta nguvu, lakini yayi na manyoya vinajengwa na lysine na méthionine, vipande vya protéine, na méthionine iko mingi mu samaki kuliko mu soja. Ile jina ilikuwa nguvu ku kinywa. Tuliigeuza Mama Méthionine, naye Papa alicheka.

Mu 1979 samaki kavu ya chakula ya kuku, ya ku ziwa ya Mwadingusha, ilikuya nzuri sana, na mafuta yake. Minye nilikuwa ku mashini ya kusaga. Nilibeba kidogo ku nyumba, kisha mingi. Bibi yangu Mélanie alipika, tulikula na bukari, ugali yetu. Pahali ya samaki nilisaga tourteau ya karanga, makapi yenye inabakia kisha kukamua mafuta. Rangi ilikuwa moja, hakuna mwenye alijua.

Mayayi yakakuwa madogo, kuku zikaanza kung'oana manyoya. Docteur wa banyama alikuya, akasema chakula inakosa méthionine. Mwenye kuchanganya chakula ni Papa Barthélemy. Bakubwa balimutosha ku uchef, balimurudisha ku ufagio.

Lakini yenye inanipatia haya kupita yote ni hii: yeye mwenyewe alizani alikosea. Alitukusanya, kofia mu mukono.

"Bandugu, munisamehe. Ni minye nilipima mubaya."

Ambroise, mwenzetu wa kazi, alimutania, ati kuku zitavaa kitenge mupaka manyoya iote. Bengine balicheka. Minye, mwenye samaki ilikuwa ingali ku nyumba yangu, nilimujibia:

"Papa, tunakusamehe."

Tangu pale bafanyakazi bapya banamuita chef mwenye alisahau samaki. Hakusahau kitu. Tulikuwa tunaikula kwangu.

Juzi nilienda kusema yote ku direction, kwa bakubwa ba ferme. Niliomba ku karatasi yake ya kutoka baandike chef de poulailler, hapana mukombaji. Balisema batajibu. Hata bakikatala, hapa imeandikwa.

Papa, aksanti kwa kazi. Siye wote tunakuombea myaka mirefu ya kupumzika pamoja na Mama Julie. Na siku ya fête ya kukuaga, usinisamehe kwa sababu tu bantu banaangalia.

Germain, wa ku mashini ya kusaga