Puseletso Khoabane na Blanketi Lililofuliwa

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi. Puseletso Khoabane ametutoka. Alifariki Jumanne hapa Maseru, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Wengi wenu hamkumjua. Kazi yake ilikuwa kupekua nguo na nyumba za watu waliobakwa, akitafuta alama ambazo macho hayazioni: shahawa, mate, damu. Aliifanya miaka thelathini na moja.

Alizaliwa milimani, binti wa fundi cherehani. Kwa mama yake ndiko alikojifunza kufumua pindo bila kuharibu kitambaa. Binti wa Puseletso, Relebohile, anacheka akimkumbuka.

"Ukitia mkate wa moto kwenye mfuko wa plastiki, umetangaza vita! 'Unyevu unaozesha!' Kazini kila kitu alikikausha kwanza, kisha akakitia kwenye mfuko wa karatasi. Na nyumbani vivyo hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, kuna kesi moja inayoonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Mwalimu kijana, Liteboho, alibakwa nyumbani kwake. Mwenyewe ameniomba nimtaje jina. Puseletso alipofika, blanketi la kitanda chake Liteboho lilikuwa limeanikwa ukutani, linadondosha maji. Mama yake mzazi alikuwa amelifua.

"Ningeliacha vile, watu walione?" mama akalia.

"Hujakosea, mama. Nipe hilo hilo," Puseletso akamjibu.

Sajini wa polisi aliyekuwepo akaguna. "Ushahidi umeshakwenda na maji, dada. Tunachoma dizeli bure. Na mtu wetu tunaye."

Mtu huyo alikuwa Molahlehi, mlevi wa kijiji. Hakuna aliyemwona akitenda. Alikamatwa kwa sababu ya sifa zake.

Blanketi lilipokauka, Puseletso aliziba madirisha, akavaa miwani ya rangi ya machungwa, akawasha taa yake ya buluu. Blanketi likang'aa madoa kila mahali. Sajini akapiga makofi. "Hayo hapo! Andika, twende."

"Ni sabuni," Puseletso akasema. "Sabuni hung'aa. Maziwa hung'aa. Taa inanionyesha pa kutazama tu, baba."

Akapima doa moja moja kwa dawa. Hakuna kitu. Akafumua pindo. Ndani ya mkunjo, ambamo sabuni haikupenya vizuri, dawa ikageuka zambarau. Akachukua sampuli, na maabara ikathibitisha: shahawa.

Majibu ya vinasaba yalichukua wiki sita. Vinasaba havikuwa vya Molahlehi.

Hapo ndipo Puseletso alipojaribiwa. Sajini alimfuata ofisini. "Kijiji kizima kinajua ni yeye. Andika kwamba haieleweki. Basi."

"Inaeleweka. Si yeye."

Relebohile anasema usiku ule mama yake hakula. Aliogopa. Alijua watu watasema amemtetea mbakaji. Na kweli walisema, hata kanisani. Lakini Molahlehi aliachiwa, na polisi wakaanza upya. Wanaume wote waliozoea nyumba ile waliombwa mate yao. Mmoja akakimbilia mpakani: Thulo, jirani, ambaye ndiye aliyewaongoza vijana kumkamata Molahlehi. Alikamatwa, akapimwa, vinasaba vikalingana. Alifungwa miaka kumi na minane.

Jana nilimpigia Liteboho. Sasa ni mwalimu mkuu. Akaniambia: "Mama yangu aliishi akidhani amenipotezea haki kwa ndoo moja ya maji. Puseletso alirudi kijijini kwa likizo yake mwenyewe, kumwambia tu kwamba sivyo. Walikunywa chai mpaka jua likazama."

Kwa mumewe, Mzee Khoabane, kwa Relebohile na ndugu zake, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Maziko ni Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Nanyi mnaonisikia, tafakarini. Jambo kama hili likimpata mtu wenu, msifue nguo. Zikausheni, zitieni kwenye mfuko wa karatasi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na kama mmeshafua, msimlaumu mtu. Nendeni hivyo hivyo.