Bendera ya Kijani

Muuguzi alipanda treni ya pwani akiutafuta usingizi tu, lakini wawili waliokaa mbele yake walikuwa wamechoshwa na kila kitu isipokuwa ubishi.

"Kile kistesheni chenu wakibomoe," alisema mama muuza samaki. "Mwaka wa sita huu treni haisimami pale, mzee wangu."

Mzee, stesheni masta mstaafu, akaguna. "Hata enzi zangu, treni nyingine hazikusimama. Lakini hakuna iliyopita kabla sijaipungia bendera ya kijani."

"Bendera! Sisi tunataka kufika."

Muuguzi alimuunga mkono mama kimoyomoyo.

Stesheni ikatokea, madirisha yamezibwa, jukwaa limeota nyasi. Treni haikupunguza mwendo. Mzee akachungulia nje, akageuka, uso umemshuka.

"Sasa nani ametuambia njia ni salama?"

Mama akasogea dirishani, akachungulia reli mbele. Muuguzi naye usingizi ukamruka.