Mashine ya Kumchomea Mzee Piontek

Benchi la mbele ya kioski cha Ulla, mjini Bochum, lina miguu mitatu na kreti ya bia iliyoajiriwa kuwa wa nne. Jumamosi ile, saa tisa na nusu alasiri, Henrike Piontek alilikalia huku tangazo la duka la kompyuta likiloa jasho mkononi mwake. Duka lilikuwa mtaa huohuo na lingefungwa saa kumi. Jumapili mjini pale hununui hata msumari. Jumatatu asubuhi madaktari wangemtoa baba yake koromeo lenye saratani, na sauti ingeondoka nalo. Nyimbo kumi na moja za mzee, zilizorekodiwa katika studio ya Henrike, chumba cha chini kilichokuwa cha makaa, zilikuwa bado zimo ndani ya kompyuta. Alitaka mzee aingie hospitali na sidii yake mkononi. Akakosea jambo moja: aliuliza kijiweni hapo anunue mashine ipi ya kuichoma, yaani ya kuziandika nyimbo kwenye sidii tupu.

— Ya kasi mara mbili, alisema Mnyapara, aliyewasimamia wachimba makaa miaka ishirini na hajaacha kusimamia watu hadi leo. — Ya mara nne inakimbiza sauti. Besi ya baba yako nzito, dada. Haikimbizwi ile.

— Upuuzi, alisema Profesa, ambaye chuo cha ufundi kilimfukuza mara mbili. — Nunua ya nje, yenye waya wake. Ya ndani ikikosa data nusu sekunde, sidii ya kutupa hiyo.

— Wewe umechoma ngapi? Mnyapara akauliza.

— Nimesoma.

— Sikukuuliza umesoma nini, bwana. Umechoma ngapi?

— Jamani, ni saa kumi kasoro ishirini, alisema Henrike. — Ya ndani au ya nje?

— Inategemea tramu, alisema Profesa. — Ikipita, nyumba inatikisika, mwanga wa kuchomea unapotea njia. Lazima uchome katikati ya tramu mbili.

— Na jirani asikaange viazi, Mnyapara akadakia. — Umeme unachafuka.

— Halafu sidii ya kijani inameza besi. Chukua ya dhahabu.

— Dhahabu ya wanakwaya wa kanisani! Mtu wa mgodini anachomewa kwenye ya buluu.

Henrike alijua kwamba hawajui. Hata hivyo hakuinuka. Akamwomba Ulla kahawa ya tatu, ingawa ya pili ilikuwa imepoa mbele yake.

Mwanamke aliyehamia ghorofa ya juu wiki ile alikuwa kwenye dirisha la kioski akingoja maziwa.

— Samahani, dada. Baba yako yuko wapi sasa hivi?

— Nyumbani.

— Sauti bado anayo?

— Anayo. Inakwaruza, lakini anayo. Asubuhi amenigombeza, eti nimechemsha mayai hadi yamekuwa mawe.

— Sasa mbona wewe uko hapa?

  

Henrike akaliacha tangazo chini ya kikombe, akaondoka. Alipopita mbele ya duka, muuzaji alikuwa ameshika ufunguo.

— Ulikuwa unataka kitu, mama? Bado dakika tano.

— Wiki ijayo, alisema Henrike, akaongeza mwendo kuelekea nyumbani.