Wasifu wa Kaka Yetu, Daktari wa Mifupa na Fundi wa Cherehani

Kaka yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano wa karani wa posta na mama mshonaji. Mama alisimulia kwamba alizaliwa wiki tatu kabla ya wakati, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuwahi mahali popote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea udaktari chuo kikuu na kuhitimu mwaka 1983. Barua zake za chuoni zilikuwa fupi: mzima, nina njaa, nasoma.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika hospitali kuu, akabobea katika mifupa. Wapo hapa leo wanaotembea kwa miguu aliyoiunga yeye. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Lakini sahani yake ilizoea kukaa mezani imefunikwa, na watoto walimjua kwa mlio wa gari kuliko kwa sura.

Jumanne, 9 Juni 2009, shemeji alikwenda kliniki, akachukua kadi kama mgonjwa yeyote na kusubiri kwenye benchi asubuhi nzima. Zamu yake ilipofika, kaka aliuliza bila kuinua kichwa:

“Unasumbuliwa na nini, mama?”

“Mume.”

“Tangu lini?”

“Tangu tuoane. Hakai nyumbani.”

Hapo kaka akainua kichwa. Muuguzi anasema aliwaachia chumba, na foleni ikangoja robo saa.

Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo kaka aliacha kazi, miaka minane kabla ya kustaafu. Wenzake walidhani amechanganyikiwa. Alifungua karakana ya kukarabati cherehani mbovu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Udaktari haukumtoka upesi: kila cherehani aliiandikia cheti, na akishaitengeneza hakuitoa mpaka ameiangalia siku mbili. Fundi nguo mmoja alilalamika kwamba cherehani yake imelazwa tangu Jumatatu na haina hata homa. Ikifika saa kumi jioni, kaka alifunga mlango.

Mwaka 2012 hospitali ilimwandikia arudi, safari hii awe mkuu wa idara. Barua ilikaa juu ya kabati siku tatu. Shemeji hakuigusa wala hakuitaja, ila alijua kwamba mumewe akienda, ndiyo basi tena. Siku ya nne kaka alijibu kwamba anashukuru sana, lakini mwanawe wa mwisho amebakiza miaka miwili nyumbani, na miaka hiyo anaihitaji yote.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alizisoma picha mwenyewe, akamsifu daktari, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, kwamba zimepigwa vizuri. Daktari alipotaka kumlaza, alimwambia, “Mwanangu, wodini nimekaa miaka ishirini na mitano. Niache nikae nyumbani.”

Alikaa miezi mitano na ushee, akibishana na shemeji juu ya chumvi na kuiba kwenye karata bila kujificha. Alifariki alasiri ya tarehe 2 Mei 2024, mkono wake mikononi mwa mkewe, watoto wote wawili wakiwa chumbani.

Ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, ndugu wanne, na wajukuu watatu ambao hawakuwahi kumwona akiwa na haraka.

Mungu ampokee, apumzike kwa amani.