Profaili Inatumika

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alipakata kompyuta iliyo wazi kama aliyebeba sahani ya mchuzi. Jirani yake, fundi aliyekumbatia mfuko wa nyaya, alishindwa kunyamaza. Mafundi ndivyo walivyo. "Mama, si uifunike tu?"

"Zitapotea kurasa alizofungua marehemu mume wangu. Aliandika 'jinsi ya' kwenye kisanduku cha kutafutia, akainuka kuchemsha maji, akaanguka. Binti yetu anataka kuomba chuo. Nimemkataza kugusa kivinjari cha intaneti alichokiacha wazi baba yake, na akifungua kingine kinagoma."

"Vivinjari viwili havitumii profaili moja ya mtumiaji kwa wakati mmoja, mama. Funga hicho cha kwanza."

"Lakini mashine yenyewe inasema profaili inatumika."

"Inatumika na nani?"

Mama akamtazama kwa upole. "Wewe ndiye fundi, baba. Niambie."

Fundi akahangaika na zipu ya mfuko, ambayo ilikuwa imeshafungwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba binti anaweza kufunguliwa profaili yake, ya mzee ikabaki kama ilivyo.

"Ibaki mpaka lini?"

Basi likasimama. Mama akashuka taratibu, kompyuta wazi mikononi. Kwenye kona ya skrini alama ya chaji ilikuwa nyekundu. Mimi na fundi tuliiona, na hakuna aliyemwambia.