Liao Chin-shui na Pikipiki Iliyokosa Fundi

Marehemu baba yetu, Liao Chin-shui, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Hsiluo, mtoto wa tatu wa mkulima wa vitunguu saumu. Alimaliza darasa la sita mwaka 1958. Hakuendelea, kwa kuwa mkokoteni wa nyumbani ulihitaji mtu wa kuusukuma.

Kwa miaka arobaini na mmoja alifanya kazi kiwandani, akikoroga mitungi ya mchuzi wa soya juani. Mwaka 1971 alimwoa Mama, Chung Yueh-o. Mwaka 1979 alinunua pikipiki ya kuchanganya oili na petroli, yenye mlio wa pa-pa-pa uliosikika tangu akiwa darajani. Mama akiusikia tu, alipakua wali.

Mwaka 2017 Mama alianza kusahau. Alitusahau sisi, akaisahau hata sura ya Baba, lakini mlio ule hakuusahau. Kila jioni alisimama langoni. Ukisikika, alisema, "Liao wangu huyo," akaingia kula. Usiposikika, hakula bila kubembelezwa. Ndoa yao yote ilikuwa imebaki ndani ya injini ile.

Mwaka 2019 Fundi Ko, aliyeihudumia tangu ikiwa mpya, alifunga gereji kwa sababu ya macho. Miezi mitatu baadaye injini ikazima. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria kuurekodi mlio wake. Baba aliipakia pikipiki kwenye gari la jirani, akaizungusha miji ya Huwei, Touliu, Peikang, hadi Chiayi.

"Babu, hii ipeleke makumbusho," alisema fundi mmoja.

Mwingine hata kitini hakuinuka. "Nikiigusa ikafa, utasema nimeiua mimi."

"Imeshakufa, kijana," Baba akamjibu. "Kwani unaogopa maiti?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyeshika spana. Gereji kumi na saba zilikuwa hivyo hivyo. Nami nasema bila kumung'unya maneno: hawakushindwa, walikataa kujaribu.

Sisi watoto tulimnunulia pikipiki ya umeme, tukajiona tumemaliza kazi. Kumbe ile haina sauti hata ya nzi. Jioni moja Baba aliisimamisha langoni, akaigiza kwa mdomo: pa-pa-pa-pa! Mama akamtazama kwa huruma.

"Mzee, nenda kwenu, chakula chako kitapoa. Mimi namngoja mume wangu."

Baba alitusimulia kisa hicho huku akicheka, kisha akaenda kunawa uso, akakawia sana.

Aliugua mapafu Februari 2024. Wodini aliwauliza wauguzi kama wanamjua fundi wa pikipiki za zamani. Alifariki tarehe 9 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri. Pikipiki iko bandani, na skrubu alizozifungua mwenyewe zimo ndani ya bakuli la wali.

Ameacha mjane, mwana wake Chih-hung, mimi binti yake Hsiu-chin ninayesoma haya, na wajukuu watatu.

Katika ukoo wetu aliye hai huitwa Liao, na akifa huzikwa kwa jina la Chang, ndiyo maana jina hilo ndilo mnaloliona mbele ya jeneza. Asubuhi hii Mama alilisoma, akanishika mkono.

"Pole sana, mwanangu. Huyu Chang alikuwa nani wako?"

Kabla sijajibu, alitoka kwenda langoni kumngoja Liao.

Baba apumzike kwa amani, na huko aliko asikose fundi.