Kibao cha Baba Maana

Kaka yetu, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa jina la Baba Maana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yetu. Mimi ni dada yake mdogo, na nimeombwa nisome wasifu wake bila kulia. Nitajaribu, ingawa mwenyewe angependa zaidi mcheke.

Alisoma shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akaishia kidato cha pili baba alipofariki. Mwaka 1969 alianza kuchora mabango ya maduka, kazi aliyoifanya kwa miaka hamsini na miwili.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, mwanamke asiyemficha mtu ukweli.

Mwaka 1984 alichora kwenye ukuta wa kanisa herufi nne za jina la Mungu kwa Kiebrania. Alizitoa kwenye kamusi ya Biblia, zilikopangwa moja moja kwenda chini, naye akazipanga kuanzia kushoto kama tuandikavyo sisi. Tulisali chini yake miaka sita. Kisha akaja mgeni, mwalimu wa lugha za Biblia, akasema, "Fundi, Kiebrania huanzia kulia. Jina umeliandika kinyumenyume."

Marehemu akamjibu, "Mungu amenivumilia miaka sita, mwalimu. Wewe nivumilie mpaka Jumatatu."

Jumatatu akalirekebisha. Jumanne akaenda kwa mwalimu huyo kujifunza.

Tangu hapo hakuchora jina kabla mwenye duka hajajua maana yake. Kinyozi aliyetaka "Ebenezeri" akidhani ni jina la Mungu alielezwa kuwa ni jiwe la msaada, akanuna wiki nzima. Mama muuza maziwa alitaka "El Shaddai". Akaambiwa wengi husema ni Mungu Mwenyezi, ila wapo wataalamu wanaolitoa kwenye neno la mlima, na wengine kwenye titi la mama. "Basi chora haraka," akasema, "maana mimi nauza maziwa."

Nyumbani kwake, lakini, kibao cha juu ya mlango kilikaa kitupu tangu walipohamia mwaka 1991. Wifi alilalamika, "Mji mzima una majina, sisi tu ndio hatuna." Naye alikuwa akimjibu, "Sijapata linalotutosha."

Mwaka 2021 daktari alimwambia kuwa presha ya macho ingempofusha kabla ya mwaka kwisha. Wifi hakukitaja kibao tena. Asubuhi moja, akiwa haoni ila mwanga tu, kaka aliomba ngazi.

"El Roi," alituambia. "Mungu anionaye. Hajiri alimwita hivyo jangwani, mjakazi aliyetoroka mateso akidhani hakuna anayemwona."

Alipapasa kibao kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa wa kulia, kwa herufi za Kiebrania, akianzia kulia bila kukosea.

Wifi akaitazama kazi. "Imepinda."

"Ninayemwandika ameona."

"Hata mimi nimeona. Imepinda."

Walicheka wote wawili mpaka nikaishikilia ngazi kwa nguvu.

Alifariki nyumbani kwa homa ya mapafu, Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mimi. Mafundi wawili wamejitolea kukiandika upya kibao. Wifi amewaambia wasikiguse.

Apumzike kwa amani kaka yetu, mbele za Yule aliyemwona siku zote. Sasa naye anamwona.